Fildi tupu kwenye fomu za databesi: maswali yanayorudi kila siku

Haya maswali yanaletwa sana na watu wanaotengeneza mifumo midogo midogo, ya SACCOS, shule, duka la dawa, kikundi cha akina mama, na wengi wao wanatumia PHP (lugha ya kuandikia programu za wavuti) na MySQL (databesi) kwahiyo mifano mingi itakuwa ya huko, ila databesi nyingine kama Access, Postgres na wenzao nimewagusa pale wanapotofautiana. Mfano wetu ni mmoja tu mwanzo mpaka mwisho: fomu ya kusajili mwanachama wa SACCOS. Ina jina, jina la kati, ukoo, simu, simu ya pili, barua pepe, tarehe ya kuzaliwa, namba ya NIDA, tawi, hisa na mdhamini. Tebo inaitwa wanachama. Ruka moja kwa moja kwenye swali lako, sio lazima usome yote.

Kwani NULL na fildi tupu si kitu kilekile?

Hapana, na hapa ndo matatizo mengi yanapozaliwa. Sifuri ni jibu. Stringi tupu, yaani '' bila kitu katikati, nayo ni jibu, ni maandishi yasiyo na herufi hata moja. NULL ni kwamba jibu halipo. Chukulia michango ya harusi: bahasha ikirudi haina kitu ndani unajua huyu hakutoa, lakini bahasha ambayo haijarudi kabisa huwezi kumwandikia mtu sifuri, labda analeta kesho, labda kadi yenyewe haikumfikia. Mweka hazina akizichanganya hizo mbili hesabu yake kwenye kikao haiwezi kusimama.

Kwahiyo hisa ikiwa 0 maana yake mwanachama hana hisa. Hisa ikiwa NULL maana yake hatujui, huenda karani hajaingiza bado. Ni mambo mawili tofauti kabisa na mkopo wake unategemea hilo.

Na hata NULL yenyewe inabeba maana nyingi kwa wakati mmoja: haijulikani, haimhusu, amekataa kusema, hajaulizwa bado. E. F. Codd wa IBM, yule aliyeleta wazo la databesi za mahusiano mwaka 1970, baadaye alipendekeza ziwe alama mbili, moja ya kitu ambacho kipo ila hakijulikani na nyingine ya kitu kisichomhusu mtu. SQL, lugha ya kuongea na databesi, ikabaki na moja. Kama kwako tofauti hiyo ni ya muhimu (kwenye mifumo ya hospitali mara nyingi ni muhimu) basi ongeza kolamu nyingine ya sababu, usitegemee NULL ikusemee.

Nimeandika WHERE simu_ya_pili = NULL hairudishi kitu wakati naona kabisa zipo tupu. Mbona?

Kwa sababu hakuna kitu kinacholingana na NULL, hata NULL nyingine. Ukiuliza je, hii nisiyoijua ni sawa na ile nisiyoijua, databesi inakujibu sijui. Na WHERE inachukua mstari pale tu jibu likiwa ndiyo, "sijui" inatupwa pamoja na "hapana". Andika hivi:

SELECT jina, ukoo FROM wanachama WHERE simu_ya_pili IS NULL;

Kinyume chake ni IS NOT NULL. Ukiwa unalinganisha kolamu mbili ambazo zote zinaweza kuwa NULL na unataka zihesabike sawa, MySQL ina alama <=> na Postgres ina IS NOT DISTINCT FROM.

Nimeomba wanachama wote wasiokuwa wa tawi la Temeke, idadi haifiki. Wengine wamekwenda wapi?

Hao ni wale ambao tawi lao ni NULL. Ukisema WHERE tawi <> 'Temeke', kwa mtu asiye na tawi jibu linakuwa sijui, basi anaachwa. Ukijumlisha wa Temeke na wasio wa Temeke hupati jumla ya wote, kitu ambacho kwa akili ya kawaida hakiingii kabisa lakini SQL ndivyo ilivyo. Ongeza OR tawi IS NULL, usisahau mabano kama una AND sehemu nyingine.

Ndugu yake mbaya zaidi ni NOT IN. Unataka wanachama ambao hawajawahi kumdhamini mtu, unaandika:

SELECT * FROM wanachama WHERE id NOT IN (SELECT mdhamini_id FROM mikopo);

Mkopo mmoja tu ukiwa hauna mdhamini, yaani mdhamini_id yake ni NULL, unapata mistari sifuri. Sio pungufu, sifuri. Na hakuna kosa linaloonyeshwa, skrini inakaa kimya tu na wewe unaanza kuhisi kwamba kila mtu amedhamini. Tumia NOT EXISTS, hiyo haina tabia hii:

SELECT * FROM wanachama w WHERE NOT EXISTS (SELECT 1 FROM mikopo m WHERE m.mdhamini_id = w.id);

Mimi NOT IN yenye kweri (ombi la SQL) ya ndani siigusi kabisa, hata kama leo hamna NULL, kesho mtu atabadilisha tebo bila kukuambia.

Mtu akiacha kisanduku wazi kwenye fomu ya wavuti, seva inapokea nini hasa?

Inategemea aina ya kisanduku, watu wengi hapa wanabahatisha tu.

Kisanduku cha maandishi kikiachwa wazi kinatuma stringi tupu. Hakitumi NULL, fomu ya HTML haina hata uwezo wa kutuma NULL. Kisanduku cha tiki kisipotikiwa hakitumwi kabisa, jina lake halifiki kwenye seva, kwahiyo huwezi kutofautisha "hakutiki" na "kisanduku hakikuwepo kwenye ukurasa". Dawa ya wengi ni kutanguliza kisanduku kilichofichwa chenye jina lilelile na thamani 0 kabla ya kile cha tiki, PHP inachukua cha mwisho. Kisanduku chenye disabled nacho hakitumwi, ila chenye readonly kinatumwa, na hapo watu wanapigwa sana kwenye fomu za kuhariri: wanazima kisanduku ili mtu asibadilishe namba ya uanachama halafu wanashangaa namba imefutika.

Orodha ya kuchagua inatuma thamani ya chaguo lililochaguliwa, kwahiyo lile la juu linaloandikwa "Chagua tawi" lipe value="" kabisa. Usipolipa, brauza inatuma maneno yenyewe na utakuwa na tawi linaloitwa Chagua tawi. Zipo ripoti zenye tawi hilo, tena lina wanachama wengi kuliko matawi mengine.

Na kisanduku cha namba, type="number": mtu akiandika kitu kisichosomeka kama namba, ukikisoma kwa JavaScript unapata stringi tupu, na Number("") kwenye JavaScript ni 0. Umeona hiyo? Mtu ameandika "elfu tano", kodi yako (programu uliyoandika) imesoma sifuri. Angalia kwanza kama ni tupu ndo ubadilishe kuwa namba.

Kwenye PHP natumia empty() kuangalia, iko sawa?

Kwa jina sawa, kwa namba hapana. empty("0") inarudisha kweli, yaani mwanachama akiandika 0 kwenye hisa PHP itakuambia hajajaza. Cha kuchekesha empty("0.0") inasema amejaza, na empty(" ") yenye nafasi moja tu nayo inasema amejaza. Kwahiyo inakataa jibu halali na kupokea uchafu.

Tengeneza funksheni yako ndogo moja uitumie kila mahali:

function tupuIweNull($v) { $v = trim((string)($v ?? '')); return $v === '' ? null : $v; }

Hiyo alama ?? ipo kuanzia PHP 7. Inakata nafasi za mwanzo na mwisho, ikibaki tupu inarudisha null, isipobaki tupu inarudisha ilivyo. Sifuri inapita salama. Angalizo: trim() ya PHP haikati ile nafasi isiyokatika, U+00A0, ambayo inakuja sana mtu akikopi jina kutoka Word au kwenye ukurasa wa wavuti. Jina linaonekana tupu kwa macho ila databesi inakataa kwamba ni tupu. Kama watumiaji wako wanakopi na kubandika, ibadilishe kuwa nafasi ya kawaida kwanza.

Halafu isset() nayo ina yake: ufunguo ukiwepo lakini thamani yake ni null, inasema haupo. Ukitaka kujua kama fildi imetumwa au la, tumia array_key_exists().

Naingiza kwa PDO (njia ya PHP ya kuongea na databesi) lakini kwenye tebo inakaa '' badala ya NULL

Bila shaka unaunganisha stringi mwenyewe, kitu kama VALUES ('$simu2'). PHP ikiweka null ndani ya stringi inageuka kuwa hamna kitu, zinabaki zile alama za nukuu mbili na ndani tupu. Wengine wakigundua hivyo wanaweka neno 'NULL' ndani ya nukuu, na hapo umeingiza neno lenye herufi nne, sio NULL. Tumia vishika nafasi, yaani alama ? mahali pa thamani:

$q = $pdo->prepare("INSERT INTO wanachama (jina, simu_ya_pili) VALUES (?, ?)");
$q->execute([$jina, tupuIweNull($_POST['simu_ya_pili'] ?? null)]);

Ukipitisha null halisi inafika kama NULL. Na ukiacha kuunganisha stringi umejikinga na watu wa kuchomeka SQL yao kwenye fomu (SQL injection) pia, ambayo ni sababu kubwa kuliko hii tunayoongelea.

"Incorrect integer value: ''", hii ilikuwa haitokei kwenye seva ya zamani

Seva ya zamani ilikuwa inakudanganya. Kuanzia MySQL 5.7 ya mwaka 2015 hali ya ukali (strict mode) inawashwa yenyewe, kwahiyo stringi tupu kwenye kolamu ya namba inakataliwa. Kabla ya hapo ilikuwa inaigeuza kuwa 0 na kutoa onyo ambalo hakuna aliyekuwa analisoma, na tarehe tupu ilikuwa inageuka 0000-00-00.

Usizime hali ya ukali! Najua ukitafuta hilo kosa utaambiwa uzime sql_mode na litaondoka, kweli litaondoka, na hisa za watu zitaanza kuwa sifuri kimyakimya. Badilisha '' iwe null kwenye PHP, ruhusu NULL kwenye kolamu, basi. Postgres haijawahi kukubali mchezo huu, stringi tupu kwenye tarehe au namba inakataa tangu zamani. SQLite kwa upande wake inapokea chochote, ukiweka '' kwenye kolamu ya INTEGER inaikalisha hapo kama maandishi, kwahiyo ukijaribu kwenye SQLite halafu ukahamia Postgres jiandae.

Mwanachama wa pili asiye na barua pepe anakataliwa, "Duplicate entry ''"

Kolamu ya barua pepe ni UNIQUE, yaani thamani haitakiwi kujirudia, na wewe unaingiza stringi tupu. Wa kwanza kapita, wa pili anakuta '' tayari ipo. Weka NULL, maana MySQL, Postgres na SQLite zinaruhusu NULL nyingi kwenye kolamu ya UNIQUE. SQL Server inaruhusu moja tu, huko inabidi utengeneze indeksi ya kipekee yenye WHERE barua_pepe IS NOT NULL. Na kama uko Postgres na unataka kinyume chake, kuanzia toleo la 15 kuna NULLS NOT DISTINCT.

Hapa ndo huwa naona fomu imewekewa noemail1@, noemail2@, noemail3@ ili kolamu ikubali. Halafu siku moja katibu anatuma tangazo la mkutano mkuu kwa wanachama wote.

Si rahisi tu kila fildi niiweke ya lazima?

Hili naulizwa na mabosi kuliko hata waandishi wa programu. Jibu langu ni hapana, na nitalieleza kwa urefu kidogo.

Ukilazimisha fildi hupati data zaidi, unapata uongo zaidi. Karani ana foleni ya watu 30 mlangoni, mzee amekuja hana barua pepe, fomu haimruhusu kuendelea. Karani atafanya nini? Ataandika yake mwenyewe. Au ataandika a@a.com. Simu ya pili atarudia ileile ya kwanza au 0700000000. Jina la kati ataweka nukta. S.L.P ataweka 1. Sasa una kolamu ambayo imejaa asilimia mia na huwezi kuiamini hata kidogo, wakati ingekuwa NULL ungejua nani wa kumpigia umuulize. NULL unaweza kuitafuta kwa kweri moja, ila uongo wa karani hauna alama.

Kwahiyo kabla ya kuweka NOT NULL (kolamu isiyokubali NULL) jiulize: bila kitu hiki, je mwanachama anaweza kusajiliwa leo? Jina ndiyo lazima. Simu, kwa SACCOS yenye miamala ya simu pengine ndiyo. Barua pepe hapana. Mdhamini ni lazima siku ya mkopo, sio siku ya usajili, kwahiyo hakikisha kwenye fomu ya mkopo. Hilo la mwisho watu wanalikosea sana, wanadai kila kitu siku ya kwanza kwa sababu tu fomu ya karatasi ilikuwa na mistari hiyo.

Pale ambapo lazima uulize ila mtu anaweza asiwe na jibu, mpe njia halali ya kutokea: kitufe cha "hana" au "hajui". Kinachoingia kwenye databesi ni NULL pamoja na sababu kwenye kolamu ya pembeni. Karani haongopi tena kwa sababu hana haja.

Na kumbuka required ya HTML ni ya brauza tu, mtu akibonyeza nafasi mara moja inapita, na anayetuma bila brauza haimhusu kabisa. Uhakiki wa kweli unakaa kwenye seva na kwenye tebo.

Wazee wanajua mwaka wa kuzaliwa tu, tarehe naweka nini?

Wengi wanaweka tarehe 1 Januari. Angalia databesi yoyote ya kwetu utakuta watu wamezaliwa mwaka mpya kwa wingi wa ajabu. Shida sio kwamba ni kosa dogo, shida ni kwamba baadaye huwezi kujua nani kweli alizaliwa hiyo siku na nani aliwekewa. Gawanya: kolamu ya mwaka_kuzaliwa ambayo ni namba, na tarehe_kuzaliwa ambayo inaweza kuwa NULL. Umri wa kukadiria unautoa kwenye mwaka. Au weka tarehe ya makadirio na kolamu ya pili inayosema usahihi wake, siku, mwezi au mwaka. Usiweke kamwe 1900-01-01 ikimaanisha hamna, utapata mwanachama mwenye zaidi ya miaka mia na wastani wa umri utapanda.

Kwa kuwa tumegusa vitambulisho, namba ya NIDA iweke kama maandishi ya herufi 20, sio namba. Inaanza na mwaka wa kuzaliwa, na mtu wa 1990 namba yake ikisomwa kama namba nzima inazidi hata BIGINT (aina kubwa ya namba nzima) isiyo na alama ya hasi. Asiyenayo NULL, sio sifuri ishirini.

Nikiunganisha majina matatu wengine jina zima linapotea

CONCAT ya MySQL ikikuta NULL moja inarudisha NULL yote. Mtu asiye na jina la kati anapotea na jina lake la kwanza. Tumia CONCAT_WS(' ', jina, jina_la_kati, ukoo), hiyo inaruka NULL. Ila hairuki stringi tupu, ukiwa na '' utapata nafasi mbili katikati, sababu nyingine ya kusafisha kabla ya kuingiza. Kwenye Postgres alama || inameza yote, ila funksheni concat() inaruka.

Wastani wa hisa unatoka mkubwa kuliko ninavyohesabu kwa mkono

AVG inaruka NULL. Wanachama 4, hisa zao 10, 20, 30 na NULL, AVG inakupa 20 kwa sababu imegawa kwa 3. Wewe umegawa kwa 4 ukapata 15. Nani yuko sahihi? Inategemea yule wa nne. Kama hana hisa ilitakiwa iandikwe 0 na jibu ni 15. Kama haijulikani basi 20 ni wastani wa wanaojulikana, na uandike hivyo kwenye ripoti. AVG(COALESCE(hisa, 0)), yaani NULL ihesabike 0, itakupa 15 ila usiiandike bila kufikiria, umeamua kwamba asiyejulikana hana kitu, na hilo ni la bodi kuamua, sio la mwandishi wa programu.

Vilevile COUNT(*) inahesabu mistari yote, COUNT(hisa) inahesabu zenye thamani tu, tofauti yao ndo idadi ya wasiojulikana. Na SUM ikikosa mstari wowote inarudisha NULL sio 0, kwahiyo mwanachama asiye na marejesho, ukifanya mkopo toa SUM(marejesho), deni lake linakuwa NULL na ukurasa unaonyesha patupu kana kwamba hadaiwi. Hapo COALESCE(SUM(kiasi), 0) ni sahihi kabisa, maana asiyelipa chochote amelipa sifuri. Majina mengine ya kazi hiihii: IFNULL kwenye MySQL, ISNULL kwenye SQL Server, NVL kwenye Oracle. COALESCE inakubalika kote, jizoeshe hiyo.

Fomu ya kuhariri inafuta vitu ambavyo mtu hakugusa

Hapa unahitaji kutofautisha hali tatu: fildi haikutumwa, imetumwa tupu, imetumwa na thamani. Haikutumwa: usiiguse. Imetumwa tupu: mtu anataka ifutwe, weka NULL. Kodi nyingi zinachukua mbili za kwanza kama kitu kimoja.

Wengine wanakimbilia UPDATE wanachama SET simu_ya_pili = COALESCE(?, simu_ya_pili), inaonekana nzuri, ila sasa mtu hawezi tena kufuta simu ya pili maisha yake yote. Anafuta, anahifadhi, inarudi. Namba ilishachukuliwa na mtu mwingine na ujumbe wa deni unaenda kwa asiyehusika. Jenga UPDATE kwa fildi zilizotumwa tu, ukiangalia kwa array_key_exists(), na majina ya kolamu yatoke kwenye orodha yako mwenyewe sio kwenye kile kilichotumwa.

Natumia Access, haya yote yananihusu?

Ndiyo, ila upande mmoja una nafuu: ukifuta kisanduku kwenye fomu ya Access kinahifadhi Null, sio stringi tupu. Stringi tupu zinaingia zaidi kupitia VBA (lugha ya programu ya Access) na data za kuletwa kutoka nje, na kuna sifa ya kolamu inaitwa Allow Zero Length, izime kama huzitaki.

Kosa namba 94, "Invalid use of Null", linakuja ukiweka Null kwenye kigeu cha String au Long. Variant peke yake ndo inabeba Null. DLookup, inayotafuta thamani kwenye tebo, isipokuta kitu inarudisha Null, kwahiyo ifunge na Nz, inayogeuza Null kuwa thamani unayotaka: Nz(DLookup(...), 0). Na If Me.Simu = Null haitakuwa kweli hata siku moja, andika IsNull(Me.Simu). Ukitaka kushika Null na stringi tupu kwa mpigo, If Len(Me.Simu & "") = 0, maana alama & inachukulia Null kama tupu. Alama + hapana, hiyo inageuza yote kuwa Null. Uhakiki weka kwenye BeforeUpdate ya fomu na Cancel = True, sio kwenye kila kisanduku, kwa sababu kisanduku ambacho mtu hakukigusa matukio yake hayaamki.

Laravel (fremu ya PHP) na Django (fremu ya Python) zinafanyaje?

Laravel kuanzia 5.4 inakata nafasi na kugeuza stringi tupu kuwa null yenyewe kabla hazijafika kwako, kwahiyo fildi isiyo ya lazima iandikie nullable kwenye uhakiki, la sivyo inakataliwa. Django inapenda maandishi yasiyojazwa yakae kama '', ndo maana blank=True na null=True ni vitu viwili: ya kwanza ni ya fomu, ya pili ni ya databesi. Ila kolamu ikiwa unique na inaweza kuachwa wazi, hata Django inakutaka uweke zote mbili.

Oracle?

Kwenye VARCHAR2 Oracle inachukulia '' kuwa NULL. WHERE jina = '' hairudishi kitu kamwe. Ukihama kutoka MySQL kwenda huko kolamu zako za NOT NULL zilizokuwa na '' zitakataa kuingia, safisha kwanza.

Databesi yetu ina miaka na imejaa vistari, "N/A", "hakuna" na 0000. Naanzia wapi?

Nakala ya akiba kwanza. Halafu waache data wakuambie wenyewe, kwa kila kolamu:

SELECT simu_ya_pili, COUNT(*) AS idadi FROM wanachama GROUP BY simu_ya_pili ORDER BY idadi DESC LIMIT 30;

Uchafu wote unaelea juu, kwa sababu namba halisi ya simu haijirudii mara 200. Utakuta na vya ajabu, "sina", "baba yake", "atapiga". Andika orodha, kaa na makarani wakueleze kila kimoja kilimaanisha nini maana "0" ya karani huyu sio ya yule, ndo ugeuze:

UPDATE wanachama SET simu_ya_pili = NULL WHERE TRIM(simu_ya_pili) IN ('', '-', '.', 'N/A', 'hakuna', '0000');

Uwe mwangalifu na kolamu za pesa, 0 hapo usiibadilishe kwa jumla. Ukimaliza funga mlango kwa sharti kwenye tebo: CHECK (TRIM(simu_ya_pili) <> ''). NULL inapita kwenye CHECK, kwa sababu CHECK inakataa pale jibu likiwa hapana, "sijui" inaruhusu, kinyume na WHERE. MySQL inaheshimu CHECK kuanzia 8.0.16 tu, kabla ya hapo ilikuwa inaisoma na kuipuuza bila kusema neno.

Naingiza kutoka Excel kwa CSV, seli tupu zinakuwa nini?

LOAD DATA ya MySQL inataka \N kuonyesha NULL, seli tupu kwenye kolamu ya maandishi inakuwa ''. Isomee kwenye kigeu kisha SET simu_ya_pili = NULLIF(@simu2, ''), inayogeuza '' kuwa NULL. COPY ya Postgres kwa CSV inaona tupu isiyo na nukuu kuwa NULL na "" yenye nukuu kuwa stringi tupu. Na Excel ikishafungua faili, sifuri ya mbele ya 0712 imeshaondoka, hilo nalo angalia.

Kweli mtu anaweza kuitwa Null?

Anaweza, ni jina la ukoo huko nje na lina watu wake. Na kuna jamaa wa California aliyechukua namba ya gari NULL, akaishia kuletewa faini za magari ya watu wengine zenye jumla ya zaidi ya dola 12,000, habari yake ilitangazwa 2019. Inavyoonekana kila gari ambalo namba yake haikujazwa lilikuwa linaangukia kwake. Kwahiyo usihifadhi neno badala ya NULL, na wala usiandike kodi inayogeuza neno "null" kuwa tupu, utamfuta mtu.

Kwenye ripoti na skrini nionyeshe nini?

Usiache wazi, msomaji hajui kama ni tupu au printa imeruka. Kistari kwa kisichomhusu, "haijajazwa" kwa kisichojulikana, 0 kwa sifuri. Fanya hivyo wakati wa kuonyesha tu, kile kistari kisirudi kwenye fomu ya kuhariri, maana karani akibonyeza hifadhi kinaingia kwenye databesi kama maandishi. Kwenye kupanga pia zinatofautiana, MySQL, SQLite na SQL Server zinaweka NULL juu ukipanga kupanda, Postgres na Oracle zinaziweka chini.

Nijaribu vipi kabla sijawapa watu?

Sajili watu wa uongo: mmoja mwenye fildi za lazima tu, mmoja mwenye nafasi tupu kila mahali, mmoja mwenye 0 kwenye kila namba, na wawili wasio na barua pepe wala NIDA. Wa kwanza mfungue kwenye kuhariri uhifadhi bila kugusa kitu, halafu mwangalie kwenye tebo yenyewe, sio kwenye skrini, kama kuna NULL iliyogeuka kuwa ''. Mwingine mwenye simu ya pili mfutie uone kama inarudi. Kisha toa ripoti ya jumla, na kwa kila kolamu jumlisha walio nayo na wasio nayo uone kama unafikia idadi ya wote.